Barua Tisa, Muhuri Mmoja: Kisa cha Kuomba Fildi ya Ujenzi Halmashauri

Jumapili moja mwishoni mwa Aprili 2022 mtoto wa dada yangu alinipigia simu, sauti imemshuka. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi ujenzi na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ilikuwa inaanza Julai.

"Mama mdogo, nimetuma barua tisa. Hakuna aliyejibu, hata wa kusema hapana."

Nimekaa masjala ya halmashauri miaka kumi na tisa. Barua za fildi nimezipokea, nimezigonga muhuri, nimezitia kwenye jalada na, Mungu anisamehe, nyingine nimeziona zikizeekea humo humo. Kwa hiyo sikumuuliza kama ana mtu wa kumshika mkono, ingawa najua ndilo swali alilolitegemea. Nilimuuliza, "Umemwandikia nani?"

"Halmashauri."

"Halmashauri ni jengo, mwanangu. Umemwandikia nani?"

Akanyamaza. Nikamwambia anitumie zote tisa.

Zilikuwa barua moja iliyobadilishwa anwani mara tisa. Sita zilikwenda kwenye majiji yote sita tuliyonayo: Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Mbili zilikwenda manispaa za Dar es Salaam. Ya tisa ilikwenda wilaya ya upande wa baba yake, na hiyo, alivyoniambia mwenyewe, "niliituma tu ili kujazia." Nchi ina halmashauri 184, na yeye alizipigia hodi zile zile ambazo kila mwanafunzi wa kila chuo anazipigia. Ukitaka kujua kwa nini hajibiwi, anza hapo kabla hujamlaumu mtu.

Barua yenyewe ilikuwa hivi, ukiondoa anwani:

"YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo tajwa. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kuanzia mwezi Julai. Ningependa kujifunza hasa ujenzi wa barabara na madaraja, lakini niko tayari kufanya kazi katika idara yoyote nitakayopangiwa. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa."

Adabu ipo, Kiswahili kimenyooka. Mwalimu wa sekondari angempa alama zote. Masjala barua hiyo imekufa kabla haijafika kwa Mkurugenzi, na imeuawa na vitu viwili ambavyo mwandishi wake alidhani ndivyo vinavyoipa uhai.

Cha kwanza ni "idara yoyote". Mwanafunzi anaona ni unyenyekevu: sichagui kazi, nipeni chochote. Lakini fuata safari ya karatasi. Ikipokelewa masjala inagongwa muhuri, inapewa kumbukumbu namba, inaingia kwenye jalada, inapanda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi ana barua za wizara, za mkoa, za wadai, za wananchi wanaolalamikia mipaka. Ya fildi anaiandikia pembeni maneno matatu, "Afisa Utumishi, shughulikia," na inashuka. Afisa Utumishi naye hana saiti wala meza ya kuchorea. Inabidi amtafute mkuu wa idara atakayekubali kukaa na mwanafunzi wiki nane, amsainie daftari na kumjazia fomu ya tathmini. Barua inayosema "idara ya ujenzi, usimamizi wa majengo" anajua pa kuipeleka. Inayosema "idara yoyote" inamtaka akae afikiri kwa niaba ya mwombaji, na juu ya meza pana nyingine thelathini zinazomtaka vivyo hivyo. Barua ya idara yoyote haina mwenyewe. Inarudi kwenye jalada kusubiri siku ya nafasi, na siku ya nafasi ofisi ya serikali huwa haiji.

Cha pili ni barabara.

Hapa nilimkaripia kidogo, maana anasoma uhandisi. Barabara za wilaya zilitoka mikononi mwa halmashauri Julai 2017, zikaenda TARURA, wakala uliopewa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS tangu 2000. Maji ya vijijini yalifuata mkondo huo huo mwaka 2019, yakaenda RUWASA. Mwanafunzi anayeandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri mwaka 2022 kwamba anataka barabara na madaraja, anamwomba mwenye duka la nguo amuuzie samaki. Mhandisi wa Halmashauri akiisoma atasema, kwa haki kabisa, "Huyu aende TARURA." Atakayekumbuka kuipeleka huko hayupo, ingawa mara nyingi ofisi ya meneja wa TARURA iko ng'ambo tu ya barabara.

"Lakini Mama mdogo, tovuti yao imeandika Idara ya Ujenzi na Zimamoto."

Ni kweli, nyingi ziliandikwa hivyo, na baadhi ziliendelea kuandikwa hivyo muda mrefu baada ya mambo kubadilika. Mwaka huo huo muundo wa halmashauri ulikuwa unapangwa upya, ujenzi na mambo ya miji vikiwekwa chini ya paa moja la Miundombinu, Maendeleo ya Vijijini na Mijini. Jina la idara kwenye tovuti si kitu cha kutegemea. Kitu cha kutegemea ni kazi: barabara zikiondoka na maji yakiondoka, Mhandisi wa Halmashauri kabakiwa na nini?

Kabakiwa na majengo, na majengo yenyewe si haba. Madarasa, zahanati, vituo vya afya, nyumba za walimu, masoko, stendi, pamoja na kukagua michoro ya wananchi wanaoomba vibali vya ujenzi. Tulikuwa tumetoka kwenye ujenzi wa madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kila darasa kwa shilingi milioni 20, yote yakitakiwa kwa mkupuo mmoja ili watoto waingie Januari 2022. Vituo vya afya vya fedha za tozo ya miamala ya simu vilikuwa vinaendelea. Na sehemu kubwa ya kazi hizo ilikwenda kwa fosi akaunti: halmashauri haimpi mkandarasi, inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo, huku kamati za wananchi zikisimamia ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa. Kwa hesabu ya haraka tu, Mhandisi mmoja na mafundi sanifu wawili watatu wanaweza kujikuta na saiti ishirini zilizotawanyika wilaya nzima, wakigombea gari moja, na mafuta ya gari hilo nayo ni ya kuomba.

Mtu wa namna hiyo anahitaji msaidizi kuliko kitu chochote. Ila hajui kwamba yule mwanafunzi aliyemo ndani ya jalada la Afisa Utumishi anaweza kumsaidia, kwa sababu barua haikumwambia.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuyaona hayo nilimpa mwanangu ushauri mzuri. Sikumpa. Nilifanya wanavyofanya watu wote, nikatafuta mtu. Kuna bwana tuliyefanya naye kazi zamani, nilisikia yuko utumishi kwenye halmashauri ya ile wilaya ya baba yake. Nikampigia. Akasema, "Dada yangu, hilo dogo, niachie." Tukamwachia. Wiki mbili. Nikipiga naambiwa "nipo kwenye kikao". Mwisho akapokea na kunieleza kwa upole kwamba alishahamishwa tangu Machi, alikuwa anaona haya kuniambia, na alikuwa bado "anawasiliana na wenzake". Simlaumu sana. Nililotaka kusema ni kwamba wiki mbili za Mei zilikwenda hivyo, na tungezitumia kufanya kazi ya kawaida ingekuwa imekwisha. Watu husema bila mtu hupati fildi serikalini. Mtu anasaidia pale ambapo barua tayari imeandikwa vizuri na iko mahali pake. Anaweza kuisogeza kutoka meza hii hadi ile. Kama hakuna karatasi, naye hana cha kusogeza.

Na wakati huo huo kwenye kundi lao la WhatsApp palikuwa na kijana anauza "nafasi za halmashauri" kwa elfu thelathini. Nafasi ya fildi haiuzwi. Wawili walilipa.

Tukaanza upya. Kwanza, wilaya. Nilimwambia aachane na majiji, achague ile aliyoituma kujazia. Alinuna. Aliona kama namrudisha kijijini wakati wenzake wanakwenda Arusha. Nikampigia hesabu ya chumba, nauli na chakula kwa wiki nane kwa mwanafunzi ambaye pesa ya fildi inaweza kuingia katikati ya fildi yenyewe. (Yake iliingia wiki ya nne.) Wilayani shangazi yake, dada wa baba, ana nyumba umbali wa kutembea hadi makao makuu ya halmashauri. Halafu kuna jambo ambalo hakuliamini mpaka alipoliona: kwenye jiji lenye wahandisi wengi mwanafunzi hukaa kwenye benchi akiangalia. Mwenzake wa chumba, anayesoma mipango miji, alipata nafasi jiji moja na akakuta wanafunzi wamepanga foleni kwenye kompyuta moja. Kazi kubwa aliyofanya mwezi wa kwanza ni kupanga majalada ya viwanja kwa herufi.

Huyo wa mipango miji nimtaje kidogo, kwa kuwa upande wake ni tofauti. Kazi yake haikuhamishwa kwenda wakala. Kwa Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, halmashauri yenyewe ndiyo mamlaka ya upangaji, kwa hiyo kuandika kwa Mkurugenzi ni sahihi. Kosa lake lilikuwa la kufuata umaarufu. Wanafunzi wa mipango wanavutwa na Dodoma tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilipovunjwa Mei 2017, kazi zake zikaingia kwenye manispaa ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji, na viwanja vikawa habari ya kila siku. Nami nawaelewa. Lakini mji mdogo wa wilaya wenye urasimishaji wa makazi unaoendelea, ambako afisa mipango miji ni mmoja na lazima aende mtaani kukaa na wananchi wakubaliane njia ipite wapi na nani asogeze ukuta, huko mwanafunzi anashika kazi tangu asubuhi. Michoro anaifundishwa chuoni. Mama anayekataa kutoa mita moja na nusu ya uwanja wake kwa ajili ya njia hafundishwi na mtu.

Turudi kwa mwanangu. Barua ya chuo ya utambulisho nayo ilikuwa na kasoro. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa yeyote anayehusika, bila tarehe za kuanza na kumaliza. Alirudi kwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo chuoni akaomba iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ile, na tarehe zitajwe. Ilichukua siku mbili. Alikuwa amedhani haiwezekani kwa sababu hajawahi kuona mtu akiomba.

Barua mpya tuliiandika kwa simu usiku mmoja, yeye akisoma mimi nakata. Iliishia hivi:

"YAH: OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO, USIMAMIZI WA MAJENGO, 18 JULAI HADI 9 SEPTEMBA 2022.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi ujenzi. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane chini ya Mhandisi wa Halmashauri, hasa kwenye miradi ya majengo inayotekelezwa kwa fosi akaunti, ukiwemo ujenzi wa kituo cha afya unaoendelea.

Ninaweza kupima na kuandika wingi wa kazi iliyofanyika saiti, kukokotoa mahitaji ya vifaa kutoka kwenye michoro, kutumia levo, kuchora kwa AutoCAD, na kuandaa taarifa ya wiki ya maendeleo ya mradi. Nina kompyuta mpakato, kofia ya saiti na buti.

Nitaishi kwa shangazi yangu, jirani na makao makuu ya Halmashauri. Gharama zangu za malazi na usafiri zimeshapangwa. Naambatisha barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya matokeo, kitambulisho na kadi ya bima ya afya. Napatikana kwa namba ya simu hapo juu."

Kuhusu sentensi ya malazi tulibishana. Yeye alitaka kuandika "sitahitaji posho yoyote". Nikakataa. Sijawahi kuona halmashauri ikimlipa mwanafunzi wa fildi, hilo sote tunalijua, lakini mtu asijitangazie bei ya sifuri kwa maandishi. Siku Mhandisi akipata hela ya nauli ya saiti ya mbali, barua isije ikamfunga mkono. Kilichobaki, "zimeshapangwa", kinaondoa ile hofu ya ofisi kwamba mwanafunzi atakuja wiki ya pili kulia hana pa kulala.

Habari ya kituo cha afya aliipata wapi? Alimwomba shangazi yake amuulize mtendaji wa kata. Mtendaji akasema ujenzi upo, jengo la wagonjwa wa nje limefika linta, maabara iko msingini, na tanuri la kuchomea taka halijaanza. Angeweza pia kwenda kusoma mbao za matangazo; fedha za miradi zinazoletwa hubandikwa. Sentensi moja tu kwenye barua, "ukiwemo ujenzi wa kituo cha afya unaoendelea", ilimwonyesha Mhandisi kwamba huyu ameuliza kwanza.

Kisha nikamwambia apande basi. Anatuma barua tisa kwa barua pepe, tena nyingine ni picha iliyopigwa kwa simu, imelala ubavu, faili limeitwa "Doc1 mpya", halafu anashangaa. Barua pepe ya halmashauri wakati ule ilifunguliwa na yeyote mwenye zamu na intaneti. Siku hizi kuna ofisi nyingi zimeingia kwenye mfumo wa ofisi mtandao na majalada ya karatasi yanapungua, ila hata huko barua inaingizwa na mtu, na mtu huyo yuko masjala.

Siku nilimchagulia. Jumatatu hapana, wakuu wa idara huwa kwenye kikao cha menejimenti. Wiki ya Baraza la Madiwani hapana kabisa. Baraza hukaa kila robo mwaka, na wiki hiyo hata mhudumu wa chai haonekani. Akaenda Jumatano, tarehe 18 Mei, saa tatu asubuhi, na nakala mbili.

Alinisimulia mapokezi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fildi?"

"Ndiyo mama. Nimeleta barua kwa Mkurugenzi, na hii ni nakala yangu. Naomba unigongee nayo."

Yule mama, anasema, alimtazama mara ya pili. Nakala ikagongwa IMEPOKELEWA, tarehe ikaandikwa, na alipoomba kumbukumbu namba akaandikiwa kwa kalamu pembeni. Akauliza pia kama anaweza kupiga simu baada ya siku kumi badala ya kuja. Akapewa namba.

Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo kitu ambacho wanafunzi wengi hawana, na wakifika kufuatilia wanasema, "Nimekuja kuulizia ile barua yangu ya fildi." Ipi? Hapo mtu wa masjala anatakiwa aanze kutafuta jina kati ya majina. Yeye tarehe 27 alipiga akasema, "Naulizia barua yangu Kumb. namba fulani, ilipokelewa tarehe 18, naomba kujua iko ofisi gani." Swali la namna hiyo lina jibu. Jibu lilikuja hapo hapo: ilitoka kwa Mkurugenzi tarehe 20, ikapita kwa Afisa Utumishi, iko kwa Mhandisi tangu tarehe 23, na Mhandisi hajakaa ofisini wiki nzima.

Hapa napo nilikosea hesabu. Mimi nilidhani Mei ni mwezi mzuri. Nilisahau, na nimeufanyia kazi miaka yote hiyo, kwamba mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mei na Juni kila mtu mwenye mradi anakimbizana na fedha zisibaki, na hati za malipo, na hoja za wakaguzi. Barua ya Februari au Machi ingemkuta Mhandisi ametulia. Ya Mei ilimkuta anakimbia. Bahati yake ni kwamba barua ilikuwa na maneno yaliyogusa kile kile kilichokuwa kinamkimbiza.

Jumatano iliyofuata, Juni 1, akarudi. Mhandisi alikuwepo, amesimama, funguo za gari mkononi. Hakumkaribisha kiti. Akamwambia: ukuta wa mita 9 kwa 3, tofali za inchi 6, mlango mmoja, madirisha mawili. Tofali ngapi?

Mwanangu akamuuliza vipimo vya mlango na madirisha.

Anasema Mhandisi aliweka funguo mezani. Mlango sentimita 90 kwa mita 2.1, madirisha mita 1.5 kwa 1.2. Akapiga: mita za mraba 27, toa 1.89, toa 3.6, inabaki 21.51, kwa tofali 10 kila mita ya mraba pamoja na zinazovunjika, ni kama 215. Wengi, Mhandisi akamwambia, hujibu 270 kwa haraka ili waonekane wanajua, na tofali 55 kwa kila ukuta, kwenye jengo zima, ni pesa ya mtu inayopotea. Ndipo akamwambia aketi.

Barua ya kukubaliwa ilitoka tarehe 6 Juni.

Fildi yenyewe siyo kisa changu, ila jambo moja lina uhusiano na yote haya. Wiki ya pili alipangwa kwenye kile kituo cha afya kusaidia kamati ya mapokezi. Aliwachorea jedwali kwenye karatasi moja: tarehe, kazi iliyofanyika, saruji iliyotakiwa kwa hesabu, saruji iliyotoka stoo. Jamvi, yaani zege la sakafu, la chumba cha mita 6 kwa 5, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto, ni mifuko 19 na ushee. Stoo iliandika 14. Hakuna aliyeiba, fundi alikuwa anapima kokoto kwa toroli ya kufurika na saruji kwa mfuko, zege likawa dhaifu. Ilibidi kipande kibomolewe kingali kibichi. Fundi alinuna siku mbili, siku ya tatu akamwita mwenyewe aje kuhesabu toroli. Mhandisi akaliomba jedwali lile, akalipeleka kwenye saiti zake nyingine.

Kati ya zile barua tisa za mwanzo, moja ilijibiwa. Jibu lilikuja Agosti, kwa barua pepe, akiwa amevaa buti saiti: nafasi zimejaa.

Mwaka uliofuata wenzake wa chuo wakaiomba barua yake, naye hana choyo, akaiweka kwenye kundi. Mwezi Machi yule mama wa masjala alimpigia simu, walishakuwa kama ndugu, akamwambia ana barua nne mkononi za wanafunzi wa chuo chake, na zote zinataka usimamizi wa majengo.

"Hilo jema," mwanangu akasema.

"Ni jema. Ila na wewe muulize shangazi yako, maana wote wanne wameandika watakaa kwake."

Mmoja wao hakufuta hata tarehe: 18 Julai hadi 9 Septemba 2022.